Anayefagia Nyayo za Wasafiri

Saa kumi na moja jioni, uwanja wa ndege wa Bujumbura. Ndege ya Brussels imeinua pua juu ya ziwa, na Byamungu, mwenye miaka hamsini na minne, tayari ameshika ufagio.

Mama aliyemsindikiza binti yake anamzuia kwa mkono. "Muzee, usifagie kwanza. Mutoto wangu hayafika."

"Ni masaa munane, mama. Kilomita elfu sita na mia ine. Chef wangu wa zamu anangojaka dakika makumi tatu tu."

Huku, mtu akisafiri, alipotoka hapafagiliwi mpaka afike. Ukifagia unafuta nyayo zake, na njia inamkataa. Kwa miaka kumi na saba Byamungu amelipwa kufuta nyayo hizo. Ndiyo maana masafa yote anayo kichwani: Nairobi saa moja na nusu, Addis Ababa saa mbili na nusu, Brussels saa nane. Huwaambia ndugu wa wasafiri washike fagio zao nyumbani saa ngapi.

Mwenyewe hajapanda ndege hata siku moja. Kutoka kwake, mtaa wa Bwiza, hadi uwanjani ni kilomita kumi na moja, na asubuhi ambazo risasi zimelia, kizuizi cha wanajeshi humweka njiani kwa saa tatu.

"Mu masaa matatu ningekuwa nimepita Addis," anasema. Hacheki.

Machi 2001 mwanawe Gaël alipanda ndege hiyohiyo. Wenzake wawili wa darasa walikuwa wameuawa, na zamu yake ilionekana inakuja. Mama yake, Daphrose, aliuficha ufagio wa nyumbani, akamwomba mumewe jambo moja: leo usifagie pale.

Mkubwa wa zamu, Hyacinthe, alikuwa amesimama mlangoni. "We Byamungu, kuko wageni wakubwa wanakuya. Fagia, ao uvue hiyo koti ya kazi."

Akafagia. Ndege ilikuwa bado inaonekana dirishani.

Ilifika salama. Gaël hakupiga simu, hakuandika. Kijana wa mtaa wa Mutanga Sud aliyekuwa ndani ya ndege hiyo alisema polisi wa kule walimtoa Gaël kwenye mstari wa pasipoti. Huu ni mwezi wa kumi na tisa.

"Daphrose hanitukanake," anasema Byamungu. "Ananiwekea chakula, kisha ananiuliza: 'Leo umefagia watoto ya nani?'"

Ufagio wa nyumbani bado umefichwa. Daphrose huokota taka kwa vidole, na chumbani mwa Gaël haingii mtu.

Byamungu haamini sana mambo ya nyayo. "Polisi ya kule haikuona ufagio wangu," anasema. "Lakini nilifagia."

Juni ijayo anastaafu. Siku ya mwisho, ndege ya Brussels ikiruka, ataweka kiti katikati ya ukumbi na kukaa, ufagio magotini, kwa muda wa saa nane kamili. Hyacinthe atafanya atakalo.

"Asubuhi nitarudi kwa mama Gaël. Akiniuliza, nitamwambia: leo, hakuna."