Marafiki wa Bundi Waliokuja kwa Basi

Fridah Kathambi alikuwa mlinzi wa lango la hifadhi moja ya jangwani, pembezoni mwa Dubai, na watu aliowadharau kuliko wote ni wale waliojiita Marafiki wa Bundi.

Si kwamba yeye mwenyewe alizaliwa akimpenda bundi. Kwao Tharaka, bundi akitua juu ya paa hufukuzwa kwa kijinga cha moto. Alipopangiwa lango lile, miaka mitatu iliyopita, aliomba ahamishwe. Msimamizi akamwambia khalas, basi imekwisha, lango ni lango. Akakaa, na kukaa kukazaa mazoea. Akajua dume hulala kwenye mti wa ghaf uliopinda karibu na tangi la maji, na jike kwenye mwamba. Akaanza kuandika saa walizolia pembeni mwa daftari la wageni. Annah, mwenzake wa chumba kule Muraqqabat, alimwonya kwamba atawaletea msiba. Fridah akamjibu kuwa chumba cha vitanda vinane na bafu moja hakihitaji bundi ili kiwe na msiba.

Mtafiti wa bundi alikuwa Daktari Jumana, mzaliwa wa Dubai ambaye nyumbani kwao bado walisema Kiunguja. Aliwanasa kwa nyavu laini, akawapima, akawavisha mguuni pete yenye namba, kisha akawaachia, ili wakionekana tena ijulikane wametoka wapi. Siku alipoliona daftari la Fridah, alikaa palepale langoni akalisoma lote.

"Mwaka mzima mie namtafuta huyu dume anapolala," alisema. "Kumbe weye unaye hapa."

Lakini wakubwa wa hifadhi walitaka msaada wa jamii, na jamii kwao ilimaanisha basi lenye kiyoyozi kutoka ofisi za Jumeirah Lake Towers. Walishuka watu thelathini wenye fulana mpya zenye picha ya bundi. Na bundi mwenyewe, Fridah aliona, alikuwa wa nchi za theluji. Kiongozi wao, Raed, alinukia manukato ya kumfukuza ndege yeyote mwenye pua. Aliuliza kama bundi wangeweza kuletwa mapema kidogo, kwa kuwa basi lilikuwa na ratiba.

Jumana aliwakabidhi wavu mmoja, akawapa sharti moja: uangaliwe kila baada ya dakika kumi. Wakaitikia wote. Kisha harufu ya nyama choma ikatoka kwenye hema walilotengewa, na urafiki wao na bundi ukaishia hapo.

Fridah alikuwa kwenye mzunguko wake wa ulinzi alipomkuta jike ananing'inia kichwa chini, bawa limejisokota wavuni. Hapakuwa na mtu. Alimwita Jumana kwa redio. Naye alikuwa upande wa pili wa hifadhi.

"Nikikungoja atakufa, Daktari."

"Basi mtoe weye. Usimvute. Shika miguu kwanza, uisogeze karibu na mwili, ndipo ufungue bawa."

Fridah akashika. Kucha zikamwingia kiganjani mpaka akahisi mkono mzima umekufa ganzi, lakini hakuachia. Aliutoa uzi mmoja mmoja, akamtia ndege kwenye mfuko wa kitambaa, akauegemeza kifuani, akingoja. Moyo wa yule bundi ulienda mbio kuliko wake.

Jumana alimkagua, akakuta bawa ni zima, akamvisha pete. Ndipo Raed akatokea na kijiti cha meno mdomoni. Aliomba amshike ndege kidogo kwa ajili ya picha, akamwambia Fridah asogee pembeni, maana yunifomu ingeharibu mandhari. Kesho yake picha ilikuwa kila mahali: Raed, mwokozi wa bundi. Fridah aliiona akiwa kitandani, mkono umefungwa bendeji. Alidhani angecheka. Hakucheka, ilimuuma kuliko zile kucha.

Jumana naye aliiona picha. Alikwenda kwa wakubwa wa hifadhi na lile daftari mkononi.

"Mkitaka jamii," aliwaambia, "jamii iko langoni. Bila ya huyo, sitegi wavu tena."

Wakakubali, maana utafiti ulikuwa wake. Fridah akafunzwa kupima na kuvisha pete, na akamleta Zephania, dereva wa lori la maji, ambaye alijua viota vyote vya barabarani na hakumiliki fulana yenye ndege yeyote. Hata Annah alikuja mara moja. Alikaa ndani ya lori, vioo vimefungwa, akisali. Fridah alisema hadharani kwamba huo ulikuwa msaada mkubwa kuliko wa basi zima.

Msimu uliofuata Marafiki walirudi, fulana zimebadilishwa rangi. Safari hii waligawiwa kazi na Fridah. Raed akapewa kushika tochi, na hata hiyo ilibidi Fridah amwonyeshe inakowashiwa.