Niliwapeleka Wanangu Ufukweni Eyasi

Naona aibu kuyasimulia haya, lakini nikinyamaza atayasimulia mama mkwe wangu, naye ana tabia ya kuongeza, basi bora mnisikie mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilirudi Karatu kutoka Bulgaria nikiwa na stashahada ya hoteli na utalii, suti mbili na saa inayoonyesha tarehe, na msidhani najisifu, maana mtu aliyechunga mbuzi wa watu ili apate karo ana haki ya kuivaa saa yake nje ya mkono wa shati. Nikapata kazi hotelini, juu kabisa ukingoni mwa kreta, na nyumba yenye bomba ndani. Kilichobaki ni watoto tu. Mke wangu alikuwa chuoni Arusha akisomea ualimu, na wanetu wawili, Emanueli na mdogo wake Neema, walilelewa na bibi yao, huyo mama mkwe. Emanueli alinikumbuka. Neema nilimwacha akinyonya, na sasa kila nikiingia anajificha nyuma ya bibi yake na kusema, "Bibi, yule mgeni amekuja tena."

Nikaomba niwachukue. Mama mkwe akanijibu kwa upole, "Baba Emanueli, huyu mkubwa mchukue hata leo. Mdogo hatoki hapa mpaka akuite baba kwa mdomo wake. Siwezi kumpeleka mtoto akalale kwa mgeni."

Sasa mtu mwenye stashahada hakosi mpango. Kule Bulgaria mazoezi tulifanyia kwenye hoteli za Bahari Nyeusi, na nilijionea kwamba mtoto yeyote, hata aliyenuna, ukimfikisha ufukweni anakuwa rafiki yako kabla ya chakula cha mchana. Hata namna ya kuuchagua ufukwe wa familia tulifundishwa: maji yawe ya kina kifupi, mchanga mweupe, pasiwe na mawimbi, na mzazi akikaa awaone watoto wote bila kugeuza shingo. Nikaanza kupima tulivyo navyo. Ziwa la ndani ya kreta lina simba (watalii wanalipendea hilohilo, lakini wao wamo ndani ya gari). Manyara kuna viboko. Basotu viboko tena, na kichocho juu yake. Je, Eyasi? Nilikuwa nimeliona mara moja tu, kutoka juu mlimani: maji yametulia kama chai kwenye sahani, na pembeni mchanga mweupe unaong'aa mpaka unaumiza macho. Sikumuuliza mtu. Nimuulize nani, na mtaalamu ndiye mimi?

Jumamosi nikaazima Land Rover ya kazini, nikapakia watoto, taulo, mpira, mayai ya kuchemsha na mama mkwe, kwa sababu Neema alikataa kupanda bila yeye. Tukatikiswa njia nzima ya Mang'ola, na tulipofika nikafungua milango na kutangaza, "Karibuni ufukweni!" Mama mkwe akautazama weupe ule, akatazama maji yalivyo mbali, akasema, "Haya, ninyi ndio mliosoma."

Na hapo nikafanya uamuzi wangu mdogo. Watoto waliogopa kuvua viatu, nikaona niwatangulie. Nikaenda nyuma ya gari, nikarudi nimevaa chupi ya kuogelea tu, nyekundu, niliyoinunua kulekule Bulgaria. Mama mkwe akapiga ukelele mmoja, akageukia milimani na kubaki hivyo (kwetu mkwe hamwoni mkwewe hata kifua, sembuse mapaja, na nililijua hilo vizuri kabisa, ila nilijiambia ufukweni kuna sheria zake).

Nikakimbia kuelekea majini kwa madaha. Kumbe weupe ule haukuwa mchanga. Yalikuwa magadi, utando mwembamba kama wa uji uliopoa, na chini yake tope. Hatua za mwanzo ulinibeba, kisha ukapasuka, nikadidimia. Nikivuta mguu huu, ule unazama zaidi.

"Emanueli," nikamsikia mama mkwe, bado anaangalia milima, "baba yako anaogelea?"

"Hapana, bibi. Amesimama."

"Amesimama wapi?"

"Kwenye tope. Limefika magotini." Akanitazama vizuri. "Sasa mapajani."

"Na nguo amevaa?"

"Kidogo."

Nikapiga kelele watoto wasisogee, na kelele hizo zikawaita akina mama wa Kidatoga waliokuwa wakikusanya magadi karibu na hapo na punda wao. Wakaja wakikanyaga wanapopajua, wakanizunguka, wakanitazama kwanza kwa raha zao.

"Ng'ombe akikwama hapa tunamvuta mkia," akasema mmoja mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha. "Wewe, mwanangu, tukuvute wapi?"

Wakacheka mpaka punda wakashtuka. Nami, tope likiwa kiunoni, nikawaambia kwamba mimi ni ofisa wa hoteli na nimesoma Ulaya.

"Ulaya hawana tope?"

"Tumwache akauke," akadakia mwingine. "Kesho tutamchimba pamoja na magadi."

Ndipo nikasikia sauti nyembamba. Neema alikuwa ameachia kanga ya bibi yake, amesimama pembeni mwa tope, ngumi amezikunja, analia kwa hasira. "Msimwache! Msimcheke! Ni baba! Ni baba yangu mimi!"

Jamani. Nimezama mpaka kitovuni mbele ya umati, na sijapata kusikia neno tamu kama lile. Hata mama mkwe alijisahau akageuka (akarudi milimani haraka sana).

Yule mama mrefu akaacha kucheka. "Haya, kumbe ana mwenyewe. Leteni kamba." Wakanifunga kwapani, punda wawili wakavuta, nikatoka na mlio ambao sitauandika. Mama mkwe akanijia kinyumenyume, hatua kwa hatua, akininyooshea kanga kwa nyuma. "Jifunge, Baba Emanueli. Mimi sijaona kitu."

Maji ya kuoga hayakuwepo, magadi yakanikaukia, nikawa mweupe kuanzia kiunoni kushuka chini, ninawashwa, nimejifunga kanga ya mkwe wangu, na hivyohivyo nikaendesha kupita sokoni Karatu, watu wanaonijua kwa suti wakinipungia mikono. Neema alikaa mbele. "Baba," akaniuliza, "Jumamosi tutaenda tena ufukweni?" Nikamwambia baba yake amestaafu mambo ya fukwe, na sijarudi mpaka leo, wala ziwa silichagui tena kwa kulitazama kutoka mlimani.

Jumatatu nilikwenda kumchukua. Mama mkwe alimfungia mzigo mwenyewe, akanieleza anachokula na asichokula, akatutakia safari njema, na maneno yote hayo aliyasema akiutazama ukuta.