Simu za Jumanne

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya simu nilikaa kitini ningali nimevaa aproni ya usafi. Miaka miwili nilikuwa nikifagia ofisi ile ya chuo kikuu hapa Birmingham, ofisi inayopeleka wanafunzi kusoma ng'ambo. Asubuhi moja Mkuu wa Ofisi, mwanamke wa Kiingereza asiyecheka ovyo, alinikuta nazungumza kwa simu na mama mmoja wa Unguja ambaye karani alishindwa kuelewana naye. Nilipokata simu akanipa kazi. Nikamwambia skuli niliishia darasa la nne. Akasema karani ana digrii mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Jumanne nawapigia wenyeji, yaani familia za Unguja ambako wanafunzi wetu walikaa kujifunza Kiswahili. Mbele yangu kompyuta, ndani yake programu yenye majina yao, na kila jina na kisanduku chake. Mwenyeji akisema mwanafunzi hajambo, nabofya kijani. Akisema hawezi, nabofya chekundu. Mkuu anatazama skrini yake, anajua nani yuko salama. Mtafiti wetu, kijana wa Mombasa aliyekuwa akisomea shahada kubwa, alikusanya majibu yale apate kujua nini kinamsaidia mwanafunzi akiwa ugenini. Nyumba kumi na mbili kwa saa moja. Mkuu alinihimiza: jibu likipatikana, kata, piga kwingine.

Nami nikawa nakata. Simsingizii mtu.

Jumanne moja nilimpigia Bi Maua wa Makunduchi, aliyekuwa akikaa na msichana wetu Elen. Tukaamkiana, nikamwuliza Elen hajambo. Akasema hajambo, alhamdulillah. Nikabofya kijani, nikaaga. Alhamisi Elen akakimbizwa hospitali mjini, malaria imempanda kichwani, hajitambui.

Ijumaa mama yake alikuja ofisini kutoka Longbridge, pembeni mwa mji wetu, koti amelivaa nje ndani. Mkuu akamwonyesha skrini. Kijani. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba programu ilionyesha mtoto ni mzima.

"Programu haikuonyesha kitu," nikasema. "Kijani kile nimekibofya mimi."

Yule mama alinitazama. Nilidhani atanitukana, na haki angekuwa nayo. Akaniomba nimpigie Bi Maua.

Bi Maua alikuwa kando ya kitanda cha Elen, hajalala tangu jana, anamkanda kwa kitambaa cha maji. Alisema homa haijashuka. Nikamwuliza mbona Jumanne hakunambia.

"Mwenzangu, mtu huanza na ugonjwa?" akasema. "Nimekwambia hajambo, nikawa nangoja uulize habari za nyumbani nikwambie mtoto hali chakula. Ukakata. Tangu lini mtu wa Unguja akakata simu kwenye hajambo?"

Nimezaliwa kule, najua jibu la kwanza ni la kumshukuru Mungu, habari huja nyuma yake. Haraka ya watu nimeivaa mwenyewe, hakuna aliyenivisha.

Tulikaa na yule mama mpaka ofisi ikafungwa, nikamtafsiria kila simu. Jumapili Elen alifungua macho, akaomba chungwa. Jumatatu mama yake alikuja ofisini, akanililia begani. Mimi si mtu wa kuliliwa, ila nilimwacha.

Baadaye nilimweleza Mtafiti kosa langu, akaliandika kwenye utafiti wake kama lilivyo. Na programu nayo akaigeuza. Haikukubali rangi yoyote mpaka niulize mara ya pili na niandike maneno ya mwenyeji kama alivyoyasema. Mkuu akanung'unika kwamba kazi ya saa moja sasa ni ya saa tatu. Nikamwambia basi anipe saa tatu. Akanipa, na nilizitumia mpaka nilipostaafu.

Nyinyi vijana mnaotengeneza programu hizi, sina ugomvi nazo. Zinakumbuka majina kuliko mimi. Lakini msizifundishe kuridhika upesi. Mjukuu wangu hapa Northfield akirudi kutoka skuli namwuliza habari, naye ananijibu kwa Kiingereza kwamba yuko sawa, kichwa kiko ndani ya friji. Nazima jiko, navuta kiti, namwuliza tena.