Mkandaji Asiyeuliza

Nakumbuka siku moja mjini Mwingi, mwanangu, na tangu ukate simu asubuhi, siku hiyo imekataa kuniacha. Nimeketi, nimesimama, nimeingia jikoni nikasahau nilichokifuata, nimetoka nje kuangalia kuku ambao hawana shida yoyote. Ulisema mgongo unakusumbua huko Matiliku, kwamba kusimama darasani kutwa nzima kumekumaliza, na kwamba umepata mtu wa masaji hapo sokoni anayesifiwa sana, utamwendea Jumamosi. Hayo yote sawa. Kilichoninyanyua kitini ni pale ulipocheka ukasema hutamwambia panapouma, kwamba unataka uone kama atajua mwenyewe.

Hilo hukulitoa kichwani mwako. Ni la nyanya yako, umelirithi kama ulivyorithi pua yake. Kwa hivyo kaa chini unisikilize, hata kama mimi mwenyewe leo kukaa kumenishinda.

Nyanya yako alikuwa mwanamke wa kanisa. Mundu mue, yule mwaguzi wetu, alimwacha siku aliyobatizwa, na akipita karibu na boma lake aliharakisha hatua. Lakini mtu huacha kitu, mazoea yake yakamfuata. Kwa mundu mue hakuna kujieleza. Unaketi, unanyamaza, yeye anatikisa kibuyu chake, anamwaga mbegu, halafu ndiye anayekuambia umekuja na shida gani. Akikosea, unajiondokea. Basi nyanya yako aliwapima watu wote kwa kipimo hicho. Daktari akimwuliza, "Mama, unaumwa wapi?" alitugeukia sisi watoto, kana kwamba anasema: mmemwona, huyu hajui kitu.

Mimi nilikuwa msichana niliyetoka shule juzijuzi, na kule Tseikuru sifa yangu ilikuwa moja, mdomo. Dada yangu Mwende, mama yako, alikuwa kinyume changu. Ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba msamaha.

Ulikuwa hujatimiza mwezi mmoja tangu uzaliwe, mguu wake wa kushoto ulipoanza kuuma. Ulianza kwa uzito tu. Kisha shavu la mguu likavimba na kuwa la moto, huku mguu wa pili uko sawa kabisa. Nyanya yako alisema ni misuli iliyojikunja kwa kulala sana baada ya uzazi, na dawa ya misuli ni kukandwa. Hakukosea kwamba kukandwa kunasaidia misuli. Alikosea kudhani kila kinachouma ni misuli.

Tukapata lifti kwenye lori la mbuzi hadi Mwingi, wewe ukiwa mgongoni mwangu, tukafikia kwa shangazi mmoja na kukuacha hapo umelala. Nyanya yako alimtaka mzee mmoja wa soko la mifugo aliyekuwa na jina kubwa kwa sababu haulizi. Unalala juu ya gunia, anakushika, anapapata panapouma, anakanda mpaka ulie. Lakini mzee alikuwa bado hajafika. Shangazi akatuelekeza kwa Bi Zuhura, mwanamke wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Alikuwa amesomea kazi hiyo chuoni Mombasa, kisha akafanya kazi hospitalini pamoja na wataalamu wa viungo.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, kitanda kirefu, shuka safi, beseni la maji. Alinawa mikono mbele yetu. Akamwambia Mwende kwamba atafunikwa shuka na kufunuliwa pale tu panapokandwa, na kwamba akisema basi, ni basi. Nilimpenda papo hapo.

Halafu akaanza kuuliza. Panauma wapi, tangu lini, umeanguka, umewahi kufanyiwa upasuaji, una presha, unameza dawa gani, una mimba, umejifungua karibuni? Mwende akamtazama nyanya yako. Nyanya yako akatazama ukuta.

"Wewe mkande tu," akasema mwishowe. "Si wewe ndio mtaalamu? Mikono yako itakuambia."

Bi Zuhura hakupandisha sauti. "Mimi siagui, mama. Mimi nakanda, na anayekanda bila kuuliza anapapasa gizani. Nisipojibiwa, simgusi."

Hapo nyanya yako akasimama, akajitanda leso, akatuambia kwa Kikamba twende zetu, huyu anauliza kwa kuwa hajui, na mzee wa sokoni lazima ameshafika. Mwende akashuka kitandani ili amfuate. Niliona alivyokanyaga. Alishika ukingo wa kitanda, akauma mdomo, na pumzi ikamkatika kama mtu aliyepanda mlima. Niliogopa sana, mwanangu. Sikujua lolote kuhusu mishipa wala damu. Nilijua tu kwamba yule mzee hukanda mpaka mtu alie, na mama yako hangelia hata angekuwa anakufa.

"Amejifungua," nikasema. "Hajamaliza mwezi. Na huo mguu wa kushoto umevimba, una joto, ule mwingine hauna."

Sitakueleza jinsi nyanya yako alivyonitazama. Bi Zuhura alimrudisha Mwende kitandani, akapiga magoti, akainua leso kidogo, akalinganisha miguu yote miwili. Hakubonyeza. Alipitisha mgongo wa mkono wake tu juu ya ngozi, akauliza kama kifua kinachoma anapovuta pumzi. Mwende akaitikia kwa kichwa, na uso wa Bi Zuhura ukabadilika.

"Mguu huu asiuguse mtu," akasema. "Si mimi, si mzee wa sokoni, na mafuta pia msipake. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiikanda, yaweza kung'oka ikapanda kifuani. Hospitali, sasa hivi, na asiende kwa miguu."

Akatoka yeye mwenyewe kwenda kututafutia gari. Nyanya yako naye hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Tulipofika mlangoni alimshika Mwende mkono akamvuta upande wa soko, akisema mwanamke huyu anatutisha kwa sababu kazi imemshinda. Nami nikaushika mkono wa pili. Nilimvuta mama yako kutoka kwa mama yangu mbele ya watu, masikio yakiniwaka kwa aibu, na sikuachia. Gari lilipokuja Mwende aliingia upande wangu. Nyanya yako akabaki kando ya barabara kidogo, kisha akafungua mlango wa mbele akaketi.

Pale hospitali waliniambia niketi. Niliketi, nikasimama, nikaenda hadi dirishani, nikarudi, mpaka askari wa mlangoni akaniambia nitaichakaza sakafu ya serikali. Nyanya yako hakutikisika. Hatimaye daktari akatoka, akatuambia ni kweli damu imeganda mguuni, na kipande kidogo kimeshafika kwenye mapafu. Wataanza dawa mara moja. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyekuwa ameukanda ule mguu.

Nyanya yako ndiye aliyejibu. "Hapana," akasema, na sauti ilimtoka ndogo sana. "Tulitaka."

Mwende alichomwa sindano, akahamishiwa hospitali kubwa, akameza vidonge kwa miezi mingi, akapona. Tuliporudi nyumbani nyanya yako aliniita jikoni. Nilijua nitatandikwa kwa maneno. Akaendelea kupepeta ndengu zake, kisha akasema, "Mimi nilikufunza kunyamaza mbele ya wakubwa, na hiyo ni adabu. Lakini kukiwa na ugonjwa, hiyo adabu uiache nje." Miaka baadaye goti lilipomsumbua, alikwenda mwenyewe kwa Bi Zuhura, na kabla hajaulizwa alikuwa ameshamweleza uzazi wake wote, kuanguka kwake kote, na ugomvi wake na mke mwenza wa dada yake, ambao sijui ulihusu goti gani.

Sasa, mwanangu, sikukatazi masaji. Mkono unaojua kazi hulegeza misuli iliyokazwa na kusimama, hukupa usingizi, hukutoa uchovu. Mimi mwenyewe hukandwa mabega baada ya kupalilia. Lakini masaji si dawa ya kila kitu, na siku hizi vibao vya masaji vimejaa kuanzia mji wa Wote hadi Mwingi. Kibao hakikandi mtu. Muulize huyo mtu wako alisomea wapi, nani alimfundisha, na huwafanya nini watu asioweza kuwasaidia. Akikujibu kwamba hajawahi kumrudisha mtu, chukua mkoba wako uondoke. Anayejua kazi yake anajua pia inapoishia.

Akikuahidi kuponya sukari na presha, akikuambia utupe dawa za hospitali, akidai kwamba usipolia hujakandwa, huyo mwache na gunia lake. Akitaka kukufunua usivyotaka, au ukisema basi asiache, simama. Hata kama umeshapakwa mafuta, simama. Na mguu mmoja ukivimba na kuwa na joto, au ukawa na homa, au umeanguka na kitu kimeteguka, anza kwa daktari. Huo mgongo wako pia, kama unakufa ganzi hadi miguuni, Jumamosi hiyo nenda hospitali, masaji itangoja.

Lakini zaidi ya yote, sema. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimemwona mzazi akikaribia kufa kwa sababu tuliuficha mguu wake. Mkandaji akikuuliza maswali mengi, usimcheke. Huyo ndiye. Asipokuuliza, si kwamba anakujua, ni kwamba hajali atakachokikuta. Mama yako yuko hapa nje anachagua mbuzi wa kuuza, ananiuliza kwa nini situlii, nami sijamwambia. Angekwenda kwa mzee yule siku ile, wewe ungemjua kwa picha tu, na mimi ndiye ungeniita mama.

Mungu akunyooshe mgongo, mwanangu, akupe mikono mizuri ya kukushika na ulimi usioona haya kusema. Akuzeeshe hadi nawe uwe na mtoto wa kukunyima utulivu. Amina. Sasa nipigie simu, uanze na mimi: panauma wapi, na tangu lini?