Saidi wangu na zile pumzi kumi

Saidi wangu amekufa. Siamini bado, na mkono huu unaoandika siuamini.

Asalaam aleikum nyote. Niwieni radhi, salamu imechelewa.

Jumatatu alitoka mzima kwenda kazini bandarini Kilindini. Kabla ya alasiri wakaniletea maiti. Moyo, wamesema. Miaka thelathini na moja! Tumemzika jioni ile ile.

Mimi shule niliishia la saba, lakini niliyemzaa hana wa kufanana naye Kibokoni nzima. Clearing ngumu zote za ofisi yao, kutoa mizigo ya watu bandarini, zilipita mikononi mwake. Boss mwenyewe kasema hayo kaburini, kila mtu alisikia.

Alikuwa na rafiki, fundi wa meli kutoka Sri Lanka. Huyo ndiye aliyemfunza mambo ya Budha wa kale: kukaa kimya, kuhesabu pumzi, kutorudisha ubaya kwa ubaya.

"Mama, sibadili dini," akaniambia. "Natuliza hasira." Na hasira alikuwa nazo, karithi kwangu!

Siku moja dereva wa lori kamtukana mbele ya watu kwa ajili ya karatasi zilizochelewa. Saidi kavuta pumzi, kamuuliza, "Kaka, tangu asubuhi umekula?" Baba mzima akatokwa na machozi. Nani mwengine ana mtoto kama huyo?

Akikaa barazani baada ya Alfajiri, macho kafumba, jirani akanicheka: "Shoga, mwanao kalala au kapagawa?" Nikamjibu, "Aliyelala ni wako. Wangu yuko kazini!"

Alinifunza kuwa maumivu ni mishale miwili. Wa kwanza huukwepi. Wa pili unajichoma mwenyewe, kwa kujilaumu.

Jumatatu ile aliniomba, "Mama, leo kaa nami. Pumzi kumi tu." Nikamwambia mahamri yako kwenye mafuta, nitakaa kesho.

Kesho gani? Najichoma, mwanangu. Mchana kutwa najichoma. Nimejaribu kuhesabu kama ulivyonionyesha. Nafika tatu, naangua kilio.

Na sasa nasikia watu wanaambiwa wasije hitima, ati Saidi aliabudu sanamu. Wallahi uongo! Kafa na swala zake tano.

Aliyesema namjua. Roho yataka nimwanike hapa kwa jina. Lakini Saidi kila siku akikaa kuhesabu pumzi alianza kwa kumtakia heri aliyemuudhi, ndipo ajitakie yeye. Mimi hilo siliwezi, tusidanganyane. Ninaloweza ni kumwalika.

Pumzika, baba yangu. Mola akutilie nuru huko. Huku kwa mamako hakuna.

Njooni nyote tumsomee, mulioko kisiwani na mulioko ng'ambo. Na wewe uliyesema, njoo, nafasi yako mkekani iko ubavuni pangu. Nyumbani kwetu Kibokoni, baada ya Alasiri, Ijumaa hii.