Miguu Yangu Iliungua Nisisikie, Wakamfukuza Mke Wangu

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche. Siogopi watu, ila ninaowasema hapa hawastahili kutajwa, na mimi nikijulikana, wao nao watajulikana wajione mashuhuri.

Nina miaka sabini na minne, ni mwalimu mstaafu wa biolojia, naishi Njombe. Saratani ya utumbo mpana inanimaliza, na daktari ameshaniambia nikapumzike nyumbani, maneno ambayo mtu mzima anayaelewa. Nilichowaficha wanangu na ndugu zangu ni hiki: tangu mwaka jana sina hisia kwenye nyayo wala kwenye ncha za vidole. Hata kisa hiki nimeisimulia simu ikakiandika yenyewe, kwa sababu vidole vyangu havijui vinapogusa.

Dawa za saratani ndizo zilizofanya hivyo. Daktari alinieleza mapema. "Mzee, dawa hizi za dripu zinapiga saratani, lakini zinagusa na mishipa ya fahamu. Ukiona ganzi, au vidole vinachomachoma ukishika kitu cha baridi, au unaanza kusahau, niambie tupunguze dozi." Nilimsikiliza kama mkaguzi anavyomsikiliza mwalimu wa mazoezi. Mishipa ya fahamu nimeichora ubaoni maisha yangu yote. Kila niliporudi akaniuliza, "Ganzi?" nilijibu, "Hakuna." Sikutaka dozi ipunguzwe, na sikutaka kijana yule aandike kwamba mwalimu amekwisha. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni akinisikia. Asubuhi ya kila safari ndiye aliyenifunga vifungo vya shati.

Mke huyu nilimwoa baada ya mama wa wanangu kufariki. Kwao ni Ipelele, Makete, na ni mdogo kwangu kwa umri. Wanangu hawajawahi kumwita mama. Wanamwita "yule".

Mwezi wa sita ukafika na baridi yake. Huku kwetu kila sebule ina jiko la mkaa na kila mzee ana miguu yake pembeni ya jiko. Mke wangu aliliweka letu mbali na kiti changu. "Mwalimu, usilisogelee. Miguu yako siiamini." Akatoka kwenda kuchuma mboga. Nikalivuta kwa fimbo, nikaweka nyayo pale ninapoziweka tangu utotoni, nikaendelea na gazeti. Kilichonishtua ni harufu. Nilipotazama chini, soksi zilikuwa zimeshikana na ngozi, na mimi sijasikia lolote.

Jumapili wakaja wenye akili wa ukoo wetu. Mdogo wangu kutoka Makambako, mfanyabiashara wa mbao, mwenye sauti kubwa kuliko shule aliyosoma. Dada yetu mkubwa. Na mwanangu wa kwanza anayekaa Mjimwema, mwenye digrii.

"Kamwene, kaka," dada akanisalimu huku akiitazama miguu. "Nani amekufanya hivi?"

"Mtu mzima haungui miguu yote miwili asisikie," mdogo wangu akasema. "Hata kuku anaruka." Wakacheka.

"Na kusahau je, baba?" mwanangu akadakia. "Juzi umeniita kwa jina la babu. Vikombe vinakudondoka. Kuna kitu yule anakuwekea kwenye uji."

"Kitu gani?" nikamuuliza.

"Vitu vipo, baba."

Vitu vipo. Huyo nilimfundisha biolojia mwenyewe, na alifaulu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji ya chumvi na kitambaa safi cha kunifunga. Mdogo wangu akamwambia, "Shemeji, nenda ukapumzike kwenu kidogo."

"Nikipumzika, nani atamfunga vifungo?"

"Mimi nilimvalisha huyu kabla wewe hujazaliwa," dada akamjibu.

Kesho yake akapanda basi la Makete na begi lake dogo. Mimi nilinyamaza.

Tangu hapo nauguzwa na wasomi. Dada ananipaka mafuta ya maombi. Mwanangu aliniletea mtu kutoka Wanging'ombe, akatafuna mizizi akanitemea kwenye vidonda, na mwenye digrii ameshika taa ya simu kummulikia. Sasa mguu wa kushoto unanuka. Mke wangu alikuwa ananikagua hadi katikati ya vidole kila jioni, kwa kuwa alijua macho yake ndiyo yaliyobaki kuwa hisia zangu. Hawa hawainami, suruali zao zitakunjamana.

Jumamosi hii wanakaa kikao Makambako. Wanataka kupeleka ujumbe Ipelele kwamba nikifa, yule asikanyage msibani. Mtu pekee ninayetaka anioshe na kunivalisha ndiye wanayemzuia. Na nikiwaambia leo kwamba ni dawa za hospitali, najua jibu lao: ndiyo hayohayo aliyomwekea yanamsemesha. Mtu anayesahau jina la mwanawe nani atampokea kama shahidi? Ndiyo maana nimeyaleta hapa. Wanangu wanausoma ukurasa huu kila siku. Ndiko wanakopata elimu siku hizi.

Mtakaoniandikia "pole mzee", na mtakaonitumia namba za waganga, kaeni nazo. Namtaka mwenye akili mmoja aniambie: niseme nini watu hawa waniamini kabla ya Jumamosi, na yule niliyemwacha aende nitamwitaje arudi?

Ila msinishauri kabla hamjasikia hili. Nimesema hapo juu kwamba nilinyamaza. Sikunyamaza. Dada aliporudia kuniuliza nani amenifanya hivi, walikuwa wameshacheka habari ya kuku, na niliona aibu kusema kwamba miguu yangu haisikii moto. Nikanyoosha kidole kuelekea mlangoni, alipokuwa amesimama na bakuli lake, nikasema, "Huyo ndiye aliyenisogezea jiko."