Krelis Apitishwa Nyumbani

Neeltje alikuwa anamenya viazi simu ilipolia. Aliyepiga ni Brahim, jirani wa kaka yake Krelis kule ghorofa ya nne.

"Mama Neeltje, kaa chini kwanza."

"Nimekaa. Sema."

"Mzee ametutoka. Nimemkuta dirishani, darubini mkononi, analitazama ziwa lake."

Neeltje alisali kimoyomoyo, kisha akaendelea kumenya viazi, maana hakujua mikono yake ifanye nini kingine.

Krelis alizaliwa mahali ambapo leo pana maji yenye kina cha mita thelathini. Zamani sana palikuwa ziwa. Mababu wakalikausha ili wapande kabichi. Baada ya miaka mia tatu Amsterdam ikajaa watu, wakubwa wa jiji wakaamua kuchimba ziwa upya palepale, wapate mchanga wa kuinulia ardhi laini ya pembeni na kujenga maghorofa. Krelis, kijana wa miaka ishirini na mbili, aliajiriwa kwenye mashine ya kufyonza mchanga. Siku ilipofika zamu ya kiwanja cha kwao, baba yao alisimama ukingoni akipiga kelele: "Taratibu, Krelis! Hapo ni jikoni!"

Kwao ni desturi gari la maiti lipite mbele ya nyumba ya marehemu kabla ya kwenda makaburini. Krelis alikuwa amemwapisha dada yake: "Mnipitishe nyumbani. Siyo hapa ghorofani, nyumbani." Neeltje aliahidi mbele za Mungu, na ahadi ya namna hiyo hakuwahi kuivunja.

Msimamizi wa mazishi, Bwana Quirinus, alifungua kompyuta. "Namba ya nyumba?"

"Kumi na saba."

"Mtaa?"

"Uko chini ya maji."

Quirinus alipiga simu huku na huku. Chombo pekee kilichokuwa huru ziwani kilikuwa kile cha kupiga pedali, chenye umbo la bata.

"Jeneza litaingia?" Neeltje aliuliza.

"Litaingia, mama. Wapiga pedali ndio hawataingia."

Neeltje alilia njia nzima hadi ghorofani kwa Krelis, alikokwenda na Brahim kuchukua suti ya marehemu. Ndani ya droo ya soksi wakakuta daftari la kazi la Krelis. Aliandika kila siku mchanga ulikochimbwa na bomba lilikoumwaga. Jumanne, tarehe 11 Machi 1952: "Nyumbani." Brahim alifuata vipimo kwenye ramani mpaka kidole kikagota kwenye maegesho ya duka kubwa.

"Hapa? Mimi naegesha hapa kila Jumamosi!"

"Basi unaegesha jikoni kwa mama yangu."

"Na hata kahawa hamjawahi kunipa!"

Neeltje alicheka, halafu akaona aibu kwa kucheka. Akamwendea mchungaji. "Baba mchungaji, nyumbani ni shimo lililobaki, au ni mchanga uliohama?"

Mchungaji akamjibu: "Mungu alimwumba mtu kwa mavumbi, mama. Hakutumia shimo."

Ijumaa, saa tano asubuhi, gari jeusi liliingia kwenye maegesho na kusimama karibu na vitoroli. Dereva, mtu wa kufuata sheria, aliweka kadi ya buluu ya muda wa kuegesha mbele ya kioo. Gari la nyuma likapiga honi.

"Mnatoka au vipi?"

"Dakika mbili, bwana," Brahim alijibu. "Yuko kwao."

Yule mtu alizima injini, akavua kofia. Neeltje aliinama, akagusa lami kwa kiganja, akamwambia kaka yake kwamba wamefika.

Makaburini kulikuwa na manyunyu. Mchungaji alisoma, wakasali Sala ya Bwana, jeneza likashushwa taratibu kwa kamba. Neeltje alitia mchanga koleo moja, Brahim akafuata, kisha wengine. Wakaingia ukumbini kunywa kahawa, kila mmoja na kipande chake cha keki.